Mboga Hapana

Kwenye stoo ya chakula ninayoitunza, ndizi zina chumba chake, na mlangoni nimeandika kwa chaki: MBOGA HAPANA. Vijana wanaoanza kazi jikoni hucheka wakiyasoma maneno hayo. Wanadhani mzee kapewa masharti na mganga.

Hii ni kambi ya wafanyakazi wa mgodi, katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama, mkoani Shinyanga, hadi Geita. Watu wa zamu ya usiku wakitoka kazini alfajiri, kila mmoja anataka chai na tunda. Ndizi mbichi hawaigusi. Iliyopiga weusi wanairudisha dirishani, na maneno juu. Kazi yangu ni kuhakikisha ndizi zinaiva siku ninayoitaka mimi, huku kabichi na karoti za chumba cha pili zikibaki kama zilivyoshushwa. Friji inasaidia. Lakini baada ya miaka mingi ya kushika funguo hizi, nasema kinachoamua ni hewa.

Tunda likichumwa halifi. Linaendelea kupumua: linavuta oksijeni, linatoa hewa ukaa, mvuke na joto. Asiyeamini aingize mkono katikati ya shehena ya ndizi iliyofika kwa fuso kutoka Karagwe kupitia Biharamulo, Runzewe na Ushirombo. Juu kuna upepo wa safari, katikati kunafuka. Pamoja na kupumua huko, matunda ya aina fulani hutoa gesi nyingine iitwayo ethilini. Haina rangi, na kwa kiasi kinachopatikana stoo huwezi kuinusa. Sehemu moja tu ndani ya sehemu milioni moja ya hewa inatosha kuamsha ndizi iliyokomaa. Ikishaamka, inatengeneza ethilini yake yenyewe, nyingi zaidi, inaamsha ya jirani, na jirani anaamsha wengine. Tunda lililochubuka au kubonyea hutoa zaidi. Ndiyo maana mkungu mmoja uliokanyagwa na mpakiaji unaweza kukuivishia gari zima kabla ya kufika Masumbwe.

Mboga hazinufaiki na gesi hiyo hata kidogo. Mchicha na chainizi hupoteza kijani. Tango hugeuka njano. Saladi hutoka vidoa vya kahawia kwenye mshipa wa jani. Karoti ndiyo inayonishangaza hadi leo, maana kwa macho huioni tofauti yoyote: ikikaa na matunda yanayotoa ethilini inakuwa chungu. Mpishi atakuambia karoti za safari hii ni mbovu, kumbe zililala chumba kimoja na matufaa.

Wauza ndizi wa Katoro wanaijua kazi ya gesi hii bila kuijua jina. Mama mmoja ninayenunua kwake hunielekeza kila mara kana kwamba ni siku yangu ya kwanza: "Baba, weka mbivu mbili tatu katikati, funika vizuri, usifunue mpaka kesho kutwa." Huko ndiko kuvundika. Wengine hufukiza moshi kidogo, na moshi nao una ethilini ndani yake. Huko California, wakulima wa malimau walikuwa wakiyapa rangi ya njano kwa kuyaweka kwenye vyumba vyenye majiko ya mafuta ya taa, wakidhani kinachofanya kazi ni joto. Walipoweka mitambo ya kisasa ya joto, malimau yakabaki kijani. Mwaka 1924 mtafiti Frank Denny alieleza sababu: ethilini iliyokuwa ndani ya moshi. Kabla yake, mwaka 1901, Mrusi Dimitry Neljubow alikuwa ameonyesha kwamba gesi hiyohiyo, ikivuja kutoka kwenye taa za maabara, ndiyo iliyopinda miche yake ya njegere. Na mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba matunda yenyewe huitengeneza. Mama wa Katoro na watafiti hao wangeelewana vizuri tu, kama angepatikana mkalimani.

Kwenye vyumba vya kisasa vya kuivishia, ndizi hupewa ethilini sehemu 100 hadi 150 kwa milioni kwa muda wa saa 24, kwenye nyuzijoto 15 hadi 18 na unyevu mwingi. Kisha milango inafunguliwa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu wanayoipuuza: hewa ukaa ikijaa chumbani huzuia ethilini isifanye kazi, nusu ya ndizi zinaiva na nusu zinabaki zimeduwaa. Biashara ya dunia hupima rangi kwa namba. Namba 1 ni kijani kabisa, namba 5 ni njano yenye ncha za kijani, namba 7 ni njano yenye madoadoa. Mimi hutoa ndizi stoo zikiwa namba 5, maana hadi zifike dirishani zimeshakuwa 6. Na jambo ambalo sikubali kubishana na mtu: usiweke ndizi mbichi kwenye friji iliyo chini ya nyuzi 13. Ganda litakuwa la kijivu, na hapo hata uipe gesi ya dunia nzima haiivi vizuri.

Sasa, kama kuna gesi ya kuamsha, ipo ya kutuliza? Ipo, na hii ndiyo iliyobadilisha biashara ya matunda na maua duniani. Inaitwa 1-MCP. Iligunduliwa na Edward Sisler na Sylvia Blankenship wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, wakapata hataza mwaka 1996. Kila chembehai ya tunda ina sehemu za kupokelea ethilini. 1-MCP hukaa kwenye sehemu hizo na haibanduki, kwa hiyo ethilini ikija haina pa kushika. Tunda halipati habari. Baada ya siku au wiki kadhaa tunda hutengeneza sehemu mpya za kupokelea, na linaendelea kuiva pale lilipoachia.

Shida ya gesi ni kuibeba. Ukapatikana ujanja mzuri: huhifadhiwa ndani ya poda inayotokana na wanga, ambayo molekuli zake zina umbo la pete. Gesi inakaa katikati ya pete, imetulia, unaweza kuisafirisha kwa pakiti. Ukiitia poda ndani ya maji, pete zinaachia na gesi inatoka taratibu. Chumba hufungwa saa 12 hadi 24. Kiasi kinachohitajika ni chini ya sehemu moja kwa milioni. Siku hizi kuna vipakiti vinavyowekwa ndani ya katoni ya maua au matunda, vinatoa gesi kidogokidogo safarini, vikiamshwa na unyevu wa mzigo wenyewe.

Marekani iliiruhusu kwanza kwa maua, mwaka 1999, na kwa vyakula mwaka 2002. Maua yalitangulia, na si ajabu, maana kilio chao ni cha zamani. Mwaka 1908, watafiti Crocker na Knight wa Chicago walichunguza kwa nini mikarafuu ya mapambo iliyopelekwa mjini humo ilikuwa "inalala", yaani inajikunja na kukataa kufunguka. Ilikuwa gesi ya taa iliyovuja, yenye ethilini. Leo maua yanayotoka Arusha au Naivasha kwenda Ulaya kwa ndege yako kwenye hatari ileile: moshi wa magari kwenye sehemu ya kupakilia, katoni ya ndizi mbivu kwenye stoo ya uwanja wa ndege, au ua moja lililooza ndani ya boksi.

Na tufaa. Matufaa ya Afrika Kusini huvunwa zaidi kati ya Februari na Mei. Ukinunua moja Kahama mwezi wa Novemba na likalia "kwacha" ulipoling'ata, ujue limekaa miezi chumbani. Mara nyingi limepewa 1-MCP, na chumba chenyewe kimepunguzwa oksijeni. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Kwenye vyumba hivyo huachwa asilimia 2 au 3, tunda linapumua kwa shida na kuzeeka polepole. Msingi wa jambo hilo uliwekwa na Kidd na West huko Cambridge miaka ya 1920. Mchimbaji wa Nyarugusu hahitaji maelezo marefu hapa: chumba kama hicho ni duara, yaani shimo la mgodi, lisilo na feni, na mtu akiingia bila mtungi wa hewa hatoki.

Je, 1-MCP itatufaa na sisi? Kwa ndizi zetu nina shaka. Dawa hii inataka mzigo ulio sawa, na fuso kutoka Karagwe hubeba mikungu ya mashamba kumi, mingine imekomaa, mingine bado. Ukiipa yote gesi, utapata ndizi zenye mabaka, njano hapa na kijani pale. Kwa nyanya za Ilula zinazokuja kwenye matenga, tatizo la kwanza ni msukosuko na jua, na hakuna gesi inayorudisha nyanya iliyopasuka. Ningeanza na turubai jeupe, nafasi ya upepo kati ya matenga, na vipakiti vya pamanganeti, ile dawa ya zambarau tuliyozoea kuoshea mboga. Ikifyonzeshwa kwenye udongo maalumu hula ethilini iliyo hewani, na rangi yake ikigeuka kahawia unajua imekwisha nguvu.

Kuna njia ya mkato ya kuivisha nisiyoitaka. Kalsiamu kabaidi, yale mawe ya kijivu ya mafundi wa kuchomelea kwa gesi, yakiguswa na maji hutoa asetilini, gesi iliyowaka kwenye taa za wachimbaji kabla ya taa za betri. Asetilini huiga ethilini, ingawa kwa unyonge, hivyo inahitajika nyingi. Kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na asetilini yenyewe hulipuka. India iliikataza zamani. Ndizi iliyoivishwa kwa kabaidi mara nyingi ina ganda zuri la njano na ndani wanga mtupu. Siipokei.

Nanasi la Geita ni kesi tofauti. Ndizi mbichi ina akiba ya wanga, karibu asilimia 20 ya nyama yake, ambao hugeuka sukari inapoiva. Nanasi halina akiba hiyo. Sukari yake hutoka kwenye majani likiwa bado shambani, na likikatwa hesabu imefungwa. Gesi inaweza kulibadilisha rangi ya ganda, utamu haiongezi. Kwa hiyo nanunua kwa kunusa kitako, na muuzaji akisema "litaivia stoo" namuaga.

Mambo haya ya hewa yamenifuata hadi nyumbani. Kijijini, viazi vitamu tuliviokoa tangu zamani kwa kuvikausha juani kuwa michembe na matobolwa. Mahindi, choroko na dengu ndivyo vilivyotutesa, hasa mahindi baada ya dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Scania, kutambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sasa natumia mifuko ya PICS, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wakifanya kazi Kamerun: plastiki mbili ndani, kiroba nje, kila tabaka linafungwa peke yake. Wadudu waliomo wanamaliza oksijeni wenyewe. Murdock, mmoja wa watafiti hao, alionyesha kwamba wanakufa kwa kiu, kwa sababu mdudu wa nafaka hutengeneza maji ya mwili wake kwa kutumia oksijeni. Hakuna kidonge cha sumu ndani ya nyumba wanamolala watoto. Ila nafaka iwe imekauka barabara, na mfuko usifunguliwe kila Jumamosi kuchota debe, maana kila ukifungua unawapa hewa. Kwangu mfuko mmoja ni wa kula. Mingine mke wangu ameisogeza ukutani na haiguswi hadi wa kwanza uishe.