Chubwi Bila Risasi: Kina Hiki, Uzito Gani?

Mara hii tuzungumze juu ya risasi. Si ya bunduki, maana uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977. Ni ile risasi laini, nzito, inayotolewa kwenye betri kuukuu za gari na kuyeyushwa iwe chubwi za mishipi na nyavu.

Ubaya wake ni nini?

Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Jiko la makaa latosha, ndiyo maana kazi hii hufanyika uani, watoto wakitazama. Moshi na vumbi lake huingia mwilini, hukaa kwenye mifupa, na huharibu akili ya mtoto. Mama mjamzito humpitishia aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango kilicho salama. Tena mtoto aweza kuonekana mzima kabisa, kumbe darasani hashiki kitu.

Tusiseme ni mambo ya mbali. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Fidia ilikuja kufutwa kwenye rufaa, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ilipoirudisha. Pesa ni haki yao, lakini hazimrudishii mtoto afya yake.

Tutumie nini badala yake?

Mvuvi atasema, "Risasi ni nzito, jiwe laelea na mkondo." Ana haki, kwa kuwa kila kitu hupungua uzito majini, na jiwe hupungua zaidi. Basi tufanye hesabu. Penye chubwi ya risasi ya gramu 100, weka chuma cha gramu 105, au jiwe gumu la gramu 150. Saruji yataka kama gramu 165.

1. Ndani ya mwamba, maji machache: jiwe au saruji vyatosha, kwa mshipi na kwa nyavu. Saruji imimine kwenye kikopo, na uzi wa kufungia uwe ndani kabla haijakauka.

2. Penye miamba ya kunasa: tumia jiwe, ulifunge kwa uzi mwembamba kuliko mshipi. Likinasa, uzi hukatika. Wapoteza jiwe, wabaki na ndoana na samaki.

3. Nje ya mwamba, maji marefu: tumia kipande cha nondo. Ni chembamba, hushuka upesi, mkondo haukisukumi sana. Nondo ya milimita 12, sentimita 10, ina karibu gramu 90. Ile ya milimita 16, urefu huohuo, ina karibu gramu 160. Fundi wa jua kali akutobolee tundu na apige tupa ncha zisikate mshipi.

Siku za bamvua mkondo una nguvu, kwa hiyo ongeza. Mshipi ukilala upande badala ya kushuka wima, uzito hautoshi. Chuma kitashika kutu, ni kweli; kioshe kwa maji baridi na kukikausha. Kutu haimlemazi mtoto.

Uingereza ilikataza uuzaji wa chubwi ndogo za risasi mwaka 1987, kwa sababu mabatamaji walizimeza wakafa. Ikiwa wenzetu walihurumia ndege, sisi je, watoto wetu?

Chubwi za zamani

Usiziyeyushe tena, wala usizibane kwa meno. Zitie kwenye mkebe wenye kifuniko, mbali na watoto. Ukizishika, nawa kwa sabuni kabla ya kula. Kama mmekuwa mkiyeyusha nyumbani, mwambieni mhudumu wa afya waziwazi, mkaulize juu ya kupima damu ya watoto.

Ya kuzungumza kikundini:
- Ni nani kwetu huyeyusha risasi, na watoto huwa wapi wakati huo?
- Je, kikundi chaweza kununua nondo moja pamoja, tukagawana vipande?