Word inavyoweza kukupangia orodha ya kesi na sheria bila kuhesabu kurasa

Hoja za maandishi za kurasa 40 zikishakamilika, kazi inayowachosha makarani wengi wa mawakili ndiyo inaanza: kuorodhesha kila kesi na kila sheria iliyotajwa, pamoja na namba za kurasa. Wakili akiongeza aya moja ukurasa wa 6 saa moja kabla ya kuwasilisha, namba zinazofuata zote zinaweza kuvurugika.

Microsoft Word ya kwenye kompyuta ina kifaa cha kazi hiyo, kinaitwa Table of Authorities, na kipo chini ya References. Mahakama ya Juu ya Marekani inailazimisha orodha ya aina hii kwa nyaraka nyingi zinazozidi maneno 1,500. Kwa wakili wa Tanzania aliyezoea kupeleka orodha ya kesi mahakamani, faida ni kwamba jaji anaona papo hapo kila kesi imetajwa ukurasa upi.

Mfano, hoja zako zinaitumia Kukutia Ole Pumbun v Attorney General [1993] TLR 159, ile kesi ambayo Mahakama ya Rufani ilibatilisha sharti la kuomba kibali kabla ya kuishtaki Serikali. Ichague pale ilipotajwa mara ya kwanza kwa jina zima, kisha bonyeza Alt, Shift na I kwa pamoja. Dirisha litafunguka. Weka kundi la Cases, na kwenye Short citation andika jina fupi unalolitumia kurasa za mbele, tuseme Pumbun. Bonyeza Mark All. Sheria na ibara za Katiba zina makundi yake, utaratibu ni uleule.

Hapo kwenye jina fupi ndipo watu wanapokwama. Word haijui sheria, inalinganisha herufi tu. Ukiandika Pumbun ukurasa wa 9, halafu ukurasa wa 21 ukaiita "kesi ya kibali cha kushtaki", huo wa 21 hautaonekana kwenye orodha. Na ukiweka jina fupi la Republic, utajikuta na alama kibao kwenye kesi zisizohusiana kabisa.

Kwa wanaoandika kwa Kiswahili, ambacho marekebisho ya sheria ya 2021 yalikifanya lugha ya mahakama Tanzania, kuna la ziada. Kitufe cha Next Citation hutafuta alama za Kiingereza kama "v." na "in re". Usitegemee ikutafutie "dhidi ya". Zitafute mwenyewe kwa Ctrl na F, na uamue mapema kama utaandika Attorney General au Mwanasheria Mkuu, usichanganye.

Ukimaliza kuweka alama, utaona maandishi ya ajabu yanayoanza na TA ndani ya mabano. Usiyafute, ndiyo yanayobeba taarifa. Ila yaficheni kwanza kwa Ctrl, Shift na 8, maana yakionekana yanarefusha kurasa na namba zinatoka za uongo. Baada ya hapo weka kishale mahali unapotaka orodha ikae, nenda Insert Table of Authorities, ubonyeze OK.

Kabla ya OK, ondoa tiki kwenye Use passim. Ikibaki, kesi iliyotajwa kurasa 5 au zaidi haiwekewi namba, inaandikiwa tu neno "passim". Yaani kesi unayoitegemea kuliko zote ndiyo inayokosa kurasa!

Orodha haijirekebishi kila unapoandika. Ukibadilisha chochote, bofya ndani yake na ubonyeze F9. Kama orodha imekaa mbele ya hoja na namba za kurasa zinaendelea moja kwa moja, bonyeza F9 mara mbili, kwa sababu orodha yenyewe ikirefuka inasukuma kurasa. Kisha fungua kurasa tatu nne uhakiki kwa macho, ndipo utoe PDF.