Syncro, Baridi na Tairi la Spea

Julai, anayekwenda Death Valley, California, huogopa joto. Hapo ndipo nyuzi 56.7 za Selsiasi zilipopimwa mwaka 1913. Januari mambo ni mengine. Mchana shati moja linatosha, lakini usiku, kule Racetrack Playa, uwanja ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huganda ndooni.

Gari ninalolizungumzia kwa safari ya huko ni Volkswagen Syncro, kibasi chenye injini nyuma, kilichoanza kuundwa Graz, Austria, katikati ya miaka ya 1980. Watu hukisifu kwa kuvuta kwa tairi zote nne. Wachache huuliza kinavutaje. Kwenye difu ya mbele kuna kikopo kilichozibwa, ndani yake visahani vyembamba vilivyozama katika majimaji ya silikoni. Nusu ya visahani huzungushwa na propela itokayo nyuma, nusu imeshikana na difu. Tairi za mbele na za nyuma zikizunguka sawa, visahani vyote huenda pamoja na kikopo kimetulia. Za nyuma zikiteleza mchangani, visahani hupishana kasi, silikoni hupata moto na kukaza, nguvu ikahamia mbele. Dereva habonyezi chochote. Katika miaka yote ya kushika spana, sijaona kifaa kingine kinachonifurahisha hivyo.

Ila kikopo hicho hakijui kutofautisha utelezi na tairi lisilolingana na wenzake. Na barabara ya kutoka Ubehebe Crater hadi Racetrack, kama kilomita 43, ni mawe makali na mawimbi kama ya bati. Pancha pale haimshangazi mtu. Msafiri hufunga spea yoyote aliyonayo, akaendelea. Spea ikiwa ndogo, huzunguka mara nyingi zaidi kila kilomita, visahani vikasuguana safari nzima. Silikoni iliyopikwa hivyo huharibika: ama inakaza moja kwa moja, gari likawa zito kukata kona, ama inalegea na miguu ya mbele haivuti tena. Kwa gari la umri huu, kikopo kipya ni ghali. Kwa hiyo nunua tairi tano, za aina moja, na spea nayo uiingize kwenye zamu ili zilike pamoja.

Upepo nao hudanganya. Tairi lililojazwa pauni 40 kwenye nyuzi 25 litasoma kama 35 alfajiri ya nyuzi sifuri, bila tundu lolote. Pima kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi, na uzisawazishe zote. Kupunguza upepo hulainisha mtetemo, lakini mimi hupunguza kidogo tu: tairi lililolegea huchanwa ubavuni na yale mawe.

Rejeta iko mbele na injini nyuma, mabomba marefu yakipita chini ya bodi. Maji matupu humo yataganda, weka kulanti.

Barafu ya baridi hiyohiyo ndiyo isukumayo mawe yanayohama ya Racetrack. Desemba 2013 watafiti waliyaona yakienda: barafu ya milimita 3 hadi 6, iliyotanda juu ya maji ya kina kifupi, ilipasuka juani, upepo mwepesi ukaikokota, nayo ikayasukuma mawe mita 2 hadi 5 kwa dakika, yakachora njia topeni. Acha gari barabarani daima, na ukikuta uwanja umelowa usikanyage tope. Nyayo zako zitabaki pale kwa miaka.