Picha za Wazee: Nukta Ngapi kwa Inchi?

Katika nyumba nyingi mna sanduku au bahasha yenye picha za zamani: arusi ya babu, mama alipokuwa msichana, darasa la mwaka 1958 limejipanga mbele ya shule. Picha hizi zaliwa na unyevu, wadudu na mwanga, na nyingine ni moja tu duniani, kwa kuwa filamu yake ilipotea zamani. Basi yafaa ziingizwe katika kompyuta kwa mashine ya skana zingali zaonekana. Lakini ukiketi mbele ya mashine hiyo utaulizwa: nukta ngapi kwa inchi? Wengi huchagua tarakimu yoyote, na baadaye hujuta.

Kwanza tueleze maana yake. Skana huigawa picha katika nukta ndogo sana, na kuandika rangi ya kila nukta. Tukisema 300, maana yake ni kwamba katika kila inchi ya urefu (yaani sentimita 2.54) mna nukta 300, na katika kila inchi ya upana vivyo hivyo. Kwa hiyo ukiongeza tarakimu mara mbili, nukta zote huwa mara nne. Chukua picha ya inchi 4 kwa 6. Kwa 300 hutoa nukta 2,160,000, na faili yake ya rangi isiyobanwa huwa kama megabaiti 6.5. Kwa 600 huwa kama 26, na kwa 1200 hupita 100.

Je, tarakimu kubwa ndiyo bora siku zote? Hasha. Picha ya karatasi kwa kawaida haina mambo mengi ya kuonekana kupita nukta 300 hadi 600 kwa inchi. Ndoo kubwa haimwongezei ng'ombe maziwa.

Basi tazama mambo mawili: ukubwa wa picha, na kazi utakayoifanya. Ikiwa ni picha ya kawaida, nawe wataka kuichapa tena kwa ukubwa ule ule, 300 zatosha. Ukitaka ikue mara mbili, chagua 600.

Picha ndogo ndiyo idaiyo nukta nyingi. Wako wazee waliopigwa picha mara moja tu maishani, nayo ni ya kitambulisho, milimita 35 kwa 45. Mzee akifariki, jamaa hutaka picha ya kutundika ukutani. Ikiwa iliingizwa kwa 300, ina nukta kama 413 kwa 531 tu, na ikikuzwa uso wake huwa kama ukungu. Kwa 1200 yaweza kuchapwa sentimita 14 kwa 18. Mashine haitaongeza kitu kisichokuwamo katika karatasi, lakini haitaacha kilichomo.

Picha za shule nazo zina hila yake. Karatasi ni kubwa, bali nyuso ni ndogo. Uso wenye upana wa milimita 5 hupata nukta 59 tu kwa 300. Kwa 600 hupata 118. Anayetaka kumtambua rafiki yake wa safu ya nyuma asipungue 600. Na ikiwa unayo filamu yenyewe, ile ya milimita 24 kwa 36, tumia 2400 au zaidi, kwa skana yenye taa ya kupenyeza mwanga katika filamu.

Jihadhari na skana zisifiwazo kwa tarakimu kubwa mno, kwani nukta nyingine hubuniwa na kompyuta tu. Uliza kiasi ambacho lenzi yenyewe yaweza kuona. Pangusa kioo kwa kitambaa laini kikavu, wala usibandue kwa nguvu picha iliyogandamana na albamu. Weka faili moja ya TIFF kuwa akiba, na nakala ya JPEG ya kuwapelekea jamaa, kwa maana JPEG hupoteza kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya.

Mwisho, waulize wazee majina ya watu walio pichani, uyaandike pamoja na mwaka na mahali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Uso ulio safi usiojulikana ni wa nani utawafaa nini wajukuu?