Kifo Kisichoandikwa Humwacha Mjane Mlangoni

Askari afapo, bendera hutandikwa juu ya jeneza, baragumu hulia, na risasi hupigwa hewani kwa heshima yake. Jamaa huomboleza, matanga huanuliwa, na kwa makabila mengine ukoo hukusanyika baadaye kumsimika mrithi. Kisha watu hutawanyika, kila mmoja akiamini kwamba yote yampasayo marehemu yamekwisha kutendwa. Lakini liko jambo moja ambalo familia nyingi hulisahau, nalo ni kukiandikisha kifo hicho katika daftari la Serikali na kuchukua cheti chake.

Na uchukuliwe mfano wa mjane wa koplo, mama wa watoto wanne, aishiye karibu na kambi moja ya Kampala. Mumewe aliugua akiwa likizoni, akafia nyumbani kijijini, na akazikwa siku ya pili yake mbele ya umati wa watu. Miezi minane baadaye karo ya shule yadaiwa. Mama huyo afunga safari mpaka ofisi ya malipo, mkononi ana barua ya mwenyekiti wa kijiji na picha za mazishi. Karani ampokea kwa adabu. "Pole sana, mama. Cheti cha kifo kiko wapi?" Naye ajibu, "Mwanangu, kaburi lipo, na kijiji kizima kilimzika." Karani huyo hana ubaya wowote, ila kaburi haliwezi kutiwa ndani ya faili. Mjane arudi mikono mitupu, na tangu siku hiyo aanza kuitafuta karatasi ambayo angeipata kwa urahisi zaidi katika juma lile la msiba.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo hayahusu biashara peke yake. Mtu ambaye kifo chake hakikuandikwa, mbele ya sheria ni kama mtu aliye hai bado. Fedha zake katika benki, kiwanja chake, na kiinua mgongo chake vyote humngoja yeye mwenyewe aje kuvichukua.

Mlango wa Kubisha

Sheria ya mwaka 1973 ilifanya kuandikisha vizazi na vifo kuwa wajibu wa kila mtu katika Uganda. Kwa miaka mingi daftari hilo lilikuwa chini ya Msajili Mkuu, na baadaye likawa chini ya ofisi ijulikanayo kwa kifupi kama URSB. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Uandikishaji wa Watu, ambayo iliunda Mamlaka ya Taifa ya Vitambulisho na Uandikishaji, yaani NIRA. Tangu hapo vizazi na vifo huandikwa na NIRA, na URSB imebaki na mambo mengine, kama vile makampuni na ndoa. Hata hivyo, wako watu ambao hadi leo hupoteza nauli kwa kubisha mlango wa zamani. Makao makuu ya NIRA yako Kololo, mjini Kampala, na ziko ofisi zake wilayani na katika sehemu za jiji.

Yafaa pia kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni taarifa ya kifo, yaani maneno ya mtu au ofisi iliyoshuhudia kwamba fulani amefariki. La pili ni uandikishaji, yaani kifo kuingizwa katika daftari la Serikali. La tatu ni cheti, ambacho ni ushahidi kwamba daftari hilo limeandikwa. Barua ya mwenyekiti wa L.C. I ni taarifa tu. Haiwi cheti hata ikipigwa mihuri kumi.

Kifo Kimetokea Wapi?

Mahali pa kifo ndipo panapoonyesha karatasi ya kwanza inatoka wapi. Mtu afiapo hospitalini, iwe Mulago au hospitali ya jeshi, daktari hujaza karatasi ielezayo sababu ya kifo. Jamaa wasiondoke na maiti pasipo kuiuliza karatasi hiyo. Katika saa ile ya majonzi kila mtu hushughulikia gari na sanda, kwa hiyo ni vema kumteua ndugu mmoja mwenye moyo mtulivu, kazi yake iwe karatasi tu.

Mtu afiapo nyumbani, jamaa huanzia kwa mwenyekiti wa L.C. I, kisha huenda kwa wakuu wa muluka na gombolola. Kifo kikiwa cha ghafula, cha ajali, au cha kuuawa, polisi lazima waarifiwe, na maiti huchunguzwa na daktari kabla ya kuzikwa. Wanaoharakisha mazishi ili kukwepa uchunguzi huo hujifungia njia wenyewe, kwa sababu baadaye hakuna awezaye kuandika kwa hakika sababu ya kifo.

Baada ya hapo, mmoja wa jamaa huenda NIRA na karatasi hizo pamoja na kitambulisho chake cha taifa, na cha marehemu kama kipo, akajaza fomu ya kuandikisha kifo. Malipo yoyote yanayotakiwa yalipwe kwa njia rasmi, na stakabadhi ihifadhiwe. Mtu ajihadhari sana na madalali wasimamao nje ya ofisi wakiahidi cheti kwa saa moja. Karatasi za kughushi, ambazo jina la Barabara ya Nasser mjini Kampala limehusishwa nazo kwa miaka mingi, huonekana safi machoni, lakini namba yake haimo katika daftari. Mjane aipelekaye huacha kuwa mdai akawa mshitakiwa.

Askari afaye katika kazi nje ya nchi, kama wale waliotumwa Somalia tangu mwaka 2007, taarifa yake hupitia katika kikosi chake. Familia isitosheke na habari ya mdomo, hata ikiwa imeletwa na ofisa mwenye cheo kikubwa. Iombe taarifa hiyo kwa maandishi, na iyatunze maandishi hayo kama inavyoitunza picha ya marehemu.

Majina Yalingane

Tatizo lisumbualo familia za askari na polisi kuliko mengine yote ni jina. Kijana huandikishwa jeshini kwa jina moja, kitambulisho cha taifa kina jina jingine, na ubatizoni au msikitini alipewa la tatu. Akiwa hai, wote humjua. Akifa, faili la jeshi, kitambulisho na cheti cha kifo huwa kama karatasi za watu watatu wasiofahamiana. Hata herufi moja ya Mohamedi au ya Okello yaweza kumrudisha mjane mara nyingi, na kila safari huhitaji nauli na hati ya kiapo.

Dawa ya ugonjwa huu iko mikononi mwa askari mwenyewe. Alinganishe majina yake angali hai, na aiandikishe ndoa yake. Aidha ajue kwamba mtu aliyeandikwa katika fomu kuwa jamaa wa karibu ni mtu wa kuarifiwa. Kuandikwa huko peke yake hakumpi urithi. Na siku ya kuchukua cheti, mchukuaji akisome neno kwa neno kabla hajaondoka dirishani, kwa maana kosa hurekebishwa kwa urahisi zaidi lingali bichi.

Aliyepotea

Kuna msiba mwingine ulio mzito zaidi, nao ni wa mtu asiyerudi wala asiyezikwa. Uganda inaujua msiba huo. Tume iliyoundwa mwaka 1974 kuchunguza kupotea kwa watu tangu tarehe 25 Januari 1971 iliorodhesha watu 308 waliopotea. Wake zao hawakuwa wajane wala hawakuwa na waume.

Sheria haikuwaacha kabisa watu wa namna hiyo. Iko sheria ya mwaka 1973 iwaruhusuyo jamaa kuomba amri ya mahakama ya kusimamia mali ya aliyepotea. Tena, Sheria ya Ushahidi yasema kwamba mtu asiposikiwa kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake, anayedai kwamba yu hai ndiye atakiwaye kuthibitisha. Kwa hiyo familia iripoti upotevu polisi siku zile zile na itunze nakala ya ripoti, maana bila tarehe iliyoandikwa, ni vigumu kuthibitisha miaka 7 ilianza kuhesabiwa lini.

Baada ya Cheti

Cheti ni ufunguo, lakini si nyumba. Familia hukipeleka kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa Serikali, ambaye hufungua faili, huwasikiliza wahusika, na akiridhika hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi. Ndipo mahakama huombwa idhini ya kusimamia mirathi. Sheria ya Mirathi iliyorekebishwa mwaka 2022 imeweka ukomo wa miaka 2 kwa idhini hiyo, ili wasimamizi wasikalie mali ya yatima maisha yao yote. Sheria hiyo pia imeweka mafungu ya mali ya mtu aliyekufa bila wasia: akiwaacha jamaa wa aina zote, watoto hupata asilimia 75, mjane asilimia 20, wategemezi wengine asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1.

Hesabu hiyo yaeleza kwa nini cheti huweza kuwa silaha. Pale mjane asipojua, shemeji aweza kukichukua yeye cheti, akafungua faili peke yake na kujitaja kuwa ndiye mwenye haki. Aliyesimikwa siku ya kumaliza msiba amepewa heshima ya ukoo, na heshima hiyo ni njema. Lakini haimpi hati ya kiwanja wala kiinua mgongo cha askari.

Kwa hiyo wazee wa ukoo, wake wa askari, na maofisa wa kambi wangefanya vema kulihesabu jambo hili kuwa sehemu ya mazishi yenyewe. Kuandika kifo si kumwombea mtu mabaya, wala si kukimbilia mali yake kabla udongo haujakauka. Ni kumtunzia marehemu ahadi aliyowapa watoto wake alipovaa sare asubuhi na kwenda kazini.