Nani Amwulize Mzee wa Bama?

Barazani hapakosi shujaa. Baada ya sala ya isha, vikombe vya kahawa vikishazunguka mara mbili na halua ikishapungua sahanini, mazungumzo hutoka kwenye bei ya samaki yakaingia vitani. Zamani msemaji alikuwa mzee mwenyewe aliyetumika Keya. Siku hizi, kwa kuwa kijana aliyeandikishwa mwaka 1944 akiwa na miaka 18 leo angekaribia karne nzima, msemaji huwa ni mwanawe au mjukuu wake. Lakini kisa ni kile kile: Bama, Wajapani, bunduki na maiti zisizohesabika. Na katika wasikilizaji hapakosi mmoja anayetazama chini, akajisemea moyoni kuwa haya hayakuwa. Je, aseme, au anyamaze?

Wako wasemao mwacheni mzee na chuku zake, hazimtoi mtu damu. Na wako wasemao uongo ni uongo, na anayeunyamazia ni mshirika wake. Mimi siwafuati hawa moja kwa moja wala wale.

Tuliosomeshwa chuoni tunaijua Suratu Saff, aya ya pili na ya tatu, ambamo Mola anawalaumu waumini kwa kusema wasiyoyatenda. Wengi wetu huzifahamu aya hizo kuwa ni za mwenye kuahidi asitekeleze. Lakini katika tafsiri, na Ibn Kathir ni miongoni mwa walioitaja kauli hiyo, imepokewa pia kwamba zilishuka kwa sababu ya watu waliokuwa wakisimulia kuwa wamepigana, wamepiga na wamechoma mikuki, na hali hawakufanya lolote katika hayo. Basi maradhi haya hayakuanza Bama. Iko pia hadithi ya Bibi Asma binti Abubakar, katika Bukhari na Muslim, juu ya mwanamke aliyetaka kumringia mke mwenziwe kwa vitu ambavyo mume hakumpa. Mtume, rehema na amani zimfikie, alimfananisha anayejionyesha kuwa na asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Sijui mfano unaomfaa zaidi mtu aliyejibandika nishani isiyo yake kifuani.

Lakini mwenye kutaka kumfichua mwenziwe naye ana kesi yake. Suratul Hujurat, aya ya sita, inatuamrisha kuthibitisha habari tunapoletewa na mtu asiyeaminika. Na aya ya 12 ya sura hiyo hiyo inatukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Mlango mmoja umefunguliwa na mwingine umefungwa, na mtu asikosee akaingia usio wake. Kuithibitisha habari iliyokujia na unayotakiwa uitegemee ni jambo moja. Kwenda kufukua kasha la nguo la mtu ili upate la kumchekea ni jambo jingine kabisa.

Katika miaka ya 1980, nilipokuwa kijana, palikuwa na mzee mtaani kwetu ambaye vita vyake tulivijua kwa moyo. Wajapani aliowaua walizidi kila mwaka ukiingia Ramadhani. Usiku mmoja kijana mmoja, msomi, aliyekuwa amepita shule na kurudi na vitabu, akamwambia mbele ya watu:

“Babu, mbona husemwa wewe ulikuwa ukiendesha lori?”

“Nani kakwambia, mwanangu?”

“Baba. Anasema alikiona cheti chako cha kutolewa jeshini.”

Mzee aliitafuta bakora yake, akaikosa, akapewa. Akasema, “Haya, kesho inshallah,” akaenda zake. Kesho alikuja, na kesho kutwa alikuja, lakini habari za vita hakuzungumza tena hata siku moja mpaka alipofariki. Kijana alikuwa amesema kweli tupu, na hakuna aliyemshukuru.

Ninalolisikitikia zaidi si aibu ya mzee peke yake. Katikati ya zile chuku zake alikuwa akitupa vipande ambavyo mtu hawezi kuvibuni: jinsi walivyotandaza magogo juu ya tope ili magari yapite, jinsi mvua ilivyonyesha mpaka nguo zikaota ukungu mwilini, jinsi chakula kilivyoangushwa kutoka angani kwa miavuli. Hayo ndiyo hasa yaliyoipata Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipoteremka bonde la Kabaw katika masika ya 1944, ikielekea mto Chindwin. Mwezi wa Desemba mwaka huo walifika Kalewa, na pale pakajengwa daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100. Dereva wa lori katika njia ile alikuwa vitani, tena vitani hasa. Lakini nani barazani aliwahi kumwomba dereva hadithi?

Hapa ndipo mimi nawalaumu wasikilizaji kabla ya msemaji. Tumemfundisha mzee kwamba heshima ni ya aliyepiga risasi tu. Aliyepika, aliyebeba machela, aliyetengeneza gari, aliyepasua mawe ya barabara, huyo hana hadithi. Katika vita vya kwanza wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, kwa kuhara na kwa njaa kuliko kwa risasi, na kilichobaki kwao ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, ambalo midomo yetu ililigeuza Kariakoo na sasa watu huenda huko kununua nyanya. Mpagazi aliyerudi hai akijiita askari, anayemkemea na atazame kwanza kama aliwahi kuuliza habari za wapagazi.

Wala si rahisi kumkamata mwongo kama vijana wanavyodhani. Wengi hudhani nishani ni ushahidi. Nishani za vita vya kwanza zilichongwa ukingoni jina na namba ya mwenyewe, lakini nyota walizopewa askari wa Keya baada ya vita vya pili, ile ya Afrika na ile ya Bama, zilitolewa bila jina. Aliyeinunua kwa muuza vyuma na aliyeichuma kwa jasho lake wanashika kitu kimoja. Na kinyume chake, aliyeipoteza ya kwake kwa moto au kwa shida, hana la kuonyesha. Kwa hiyo mwenye pupa ya kufichua anaweza kumwacha mwongo na nyota yake akamfedhehesha mkweli asiye nayo.

Linalosema zaidi ya nishani ni kalenda. Divisheni ya 11 ilirudishwa India mapema 1945; anayesema alikuwa katika divisheni hiyo na akaingia Rangoon siku iliposhikwa, mwezi wa Mei mwaka huo, ana deni la maelezo. Aliyepigana Bukini, apigane mwaka 1942, si kabla wala baada.

Na kalenda ndiyo inayotufikisha kwa mtu ambaye kisa chake, kwa maoni yangu, kinalipa swali hili uzito wake. Idi Amin wa Uganda alikuwa akitangazwa, na maelezo ya serikali yake yakaandika, kuwa alipigana Bama. Wanahistoria walioangalia habari za utumishi wake wanasema aliingia KAR mwaka 1946, akiwa msaidizi wa mpishi. Mwaka 1946 Wajapani walikuwa wamekwisha kusalimu amri tangu mwaka uliopita. Alikuwa askari wa kweli baada ya hapo: alitumwa Kenya wakati wa Mau Mau, akapanda vyeo, na mwaka 1961 akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa uofisa. Utumishi huo ungemtosha mtu mwingine. Yeye aliongeza Bama, na uongo ulipopita bila kuulizwa, ukazaa. Akajifanya Fildi Mashali mwaka 1975. Akajipa nishani yenye herufi VC, zile zile za nishani kubwa kuliko zote za Uingereza. Akajiita mshindi wa dola ya Waingereza. Kifua kikajaa mpaka watu wakacheka, lakini walicheka wakiwa nje ya Uganda. Waliokuwa ndani hawakuwa na nafasi ya kucheka wala kuuliza. Na kwa kuwa alikuwa Mwislamu mwenzetu, wako miongoni mwetu waliomezea, wakaona kumkosoa ni kuwafurahisha maadui. Walimvisha kilemba cha ukoka, na waliolipa ni Waganda, Waislamu wakiwemo. Vita vya kweli vilipomfikia, majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na Fildi Mashali alikuwa amekwisha kukimbia. Alifia Jeddah mwaka 2003.

Basi tofauti ya Amin na mzee wetu wa lori si ukubwa wa uongo. Pengine mzee aliwaua Wajapani wengi zaidi kwa ulimi. Tofauti ni kile ambacho uongo ulinunua. Chuku za mzee zilimnunulia kikombe cha kahawa. Za Amin zilimsaidia kusimama mbele ya jeshi na taifa akiwa mtu asiyeulizwa. Pale ambapo sifa ya vita inanunua cheo, fedha, ardhi, kura au binti wa watu, hapo kuuliza si upelelezi tena. Ni kulinda haki ya mwenye haki.

Na wenye haki wapo. Mwezi wa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Kilindini ikiwa imejaa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, na watu wapatao 1,300 wakafa bila kuiona Bama. Waliorudi kutoka vita vile nao walipunjwa: mwaka 2019 ilifichuliwa kuwa katika kiinua mgongo cha mwisho wa vita, askari wa Kizungu wa cheo cha chini alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi na Mwafrika wa cheo kile kile shilingi tatu na nusu. Kila jina la uongo likiingia katika orodha ya fidia au msaada, ni jina la mmoja wa hawa, au la mjane wake, linalosukumwa chini.

Hata serikali zimeingia mtego huu. Mwaka 2003 aliletwa Nairobi kwa shangwe mkulima kutoka Ethiopia, ikasemwa ndiye Jenerali Stanley Mathenge aliyepotea msituni tangu 1955. Mgeni hakuweza kuzungumza Kikuyu. Uchunguzi wa damu ukaonyesha siye. Na kila mwaka wakati wa kuandikisha makuruta, matapeli hujifanya maafisa wa jeshi wakala fedha za wazazi maskini. Huyo hafai kuulizwa barazani, anafaa kupelekwa polisi.

Wamarekani waliupata mpaka huu kwa njia ndefu. Mwaka 2006 walitunga sheria ya kumwadhibu yeyote anayejidai kuwa na nishani ya vita. Mtu mmoja wa California alishtakiwa kwa kujigamba hivyo mkutanoni, na mwaka 2012 Mahakama Kuu yao ikaitangua sheria hiyo kwa kuwa ilimwadhibu mtu kwa maneno matupu. Mwaka uliofuata wakatunga nyingine: kosa ni kujidai ili upate fedha, mali au manufaa. Mwalimu wangu wa chuoni angewaeleza hilo kwa kikombe kimoja cha chai.

Anabaki mjukuu barazani, anayesema babu yake alipata VC Bama. Orodha ya waliopewa VC iko wazi. Katika vita vya pili, ya KAR ilikwenda kwa sajini Mzungu, Nigel Leakey, aliyeuawa Uhabeshi Mei 1941; Mwafrika wa KAR hakupewa hata mmoja. Kama hakuna aliyestahili, hilo waulizwe waliokuwa wakizigawa. Mjukuu mimi simkatizi mbele ya watu. Nitaongozana naye njiani tukirudi nyumbani, nimweleze habari ya orodha, nimwombe akitafute cheti cha babu yake. Kikisema alikuwa dereva, nitataka kujua aliendesha kutoka wapi hadi wapi, nani alikaa kiti cha pili, na walilala vipi mvua ilipokuwa ikinyesha.