Si Kila Baiskeli Nyeusi ni Raleigh

Katika nyumba nyingi za Tabora, Shinyanga, Kisumu na Busia ipo fremu moja ya baiskeli iliyoegemezwa nyuma ya ghala au kuning'inizwa darini. Ni nyeusi na nzito, na breki zake zilikuwa za fimbo za chuma, si za waya. Nembo ya shingoni iling'oka zamani, na maandishi ya ubavuni yamezikwa chini ya rangi ya mafuta iliyopakwa mara kadhaa. Ukimuuliza mwenye nyumba ni ya kampuni gani, atakujibu bila kusita: "Hiyo ni Raleigh ya marehemu babu."

Huenda ni kweli. Lakini Raleigh ilikuja huku pamoja na wenzake wengi: BSA, Hercules, Phillips, Humber na Rudge za Uingereza, kisha Hero, Atlas na Avon za India, Phoenix ya Shanghai, na Swala iliyoundwa Dar es Salaam. Viwanda vya India na China viliuchukua muundo wa Kiingereza karibu kama ulivyo, vikaendelea nao kwa miongo mingi: magurudumu ya inchi 28, spoku 32 mbele na 40 nyuma, mabomba yaliyolala kidogo ili mpandaji akae wima. Kwa hiyo anayetambua fremu kwa umbo peke yake anabahatisha. Rangi nayo haimsaidii, maana karibu zote zilikuwa nyeusi.

Ushahidi wa maana uko mahali ambapo watu hawatazami. Pindua fremu, uangalie bomba fupi la chini linalopitisha ekseli ya pedali. Hapo kuna tope lililoganda na grisi ya miaka. Lisugue kwa mafuta ya taa na kitambaa, polepole, usitumie tupa wala brashi ya waya. Mara nyingi namba itajitokeza, tarakimu zimegongwa moja moja kwa nyundo, nyingine zimepinda, nyingine hazikuzama vizuri. Kama hapo ni patupu, panda juu hadi kwenye ungio linaloshika nguzo ya kiti, kwa sababu watengenezaji wengine, Raleigh wakiwemo kwa miaka mingi, waligonga namba zao huko. Mahali namba ilipo, idadi ya tarakimu na herufi zinazoitangulia ni dalili zenye uzito kuliko namba yenyewe, kwa kuwa vitabu vya kiwandani vya kuilinganisha nayo mara nyingi havipatikani.

Baada ya namba, thredi. Hapa ndipo fundi aliyezoea kazi humshinda msomi. Viwanda vingi vya Uingereza vilikata thredi za bomba hilo la chini kwa kipimo cha meno 24 kwa inchi, kipimo ambacho mpaka leo duniani kote huitwa cha BSA. Raleigh walifuata njia yao: walikata meno 26 kwa inchi, kwenye bomba la chini na hata kwenye shingo ya uma wa mbele. Upana wa tundu unakaribiana mno, jicho halitofautishi. Lakini chukua kikombe cha gololi cha kawaida ukifunge kwa mkono ndani ya fremu ya Raleigh: kitaingia kidogo, kisha kitakaza na kugoma. Usilazimishe kwa spana, utakula meno ya fremu na kuua ushahidi. Kule kugoma ndilo jibu. Fremu yenye meno 26 karibu hakika imetoka kwenye mlolongo wa kiwanda cha Raleigh cha Nottingham.

Nasema mlolongo kwa makusudi. Kampuni ya Raleigh, iliyosajiliwa mwaka 1888 chini ya Frank Bowden, ilikua kwa kuwameza wenzake. Baiskeli za Humber ziliingia mikononi mwake mwaka 1932, Rudge-Whitworth mwaka 1943, Triumph mwaka 1954, na BSA mwaka 1957. Mwaka 1960 iliungana na kundi lililokuwa na Phillips na Hercules. Majina hayo yote yaliendelea kuuzwa kana kwamba ni ya wapinzani. Mzee aliyenunua BSA mapema miaka ya 1950 alipata kazi ya BSA wenyewe, ya Birmingham, na jirani yake aliyenunua BSA miaka michache baada ya 1960 alipata, kwa uwezekano mkubwa, kazi ya Nottingham yenye nembo ya Birmingham. Wote wawili wanasema BSA na wote wawili hawadanganyi. Ndiyo maana swali la nani aliitengeneza haliwezi kujibiwa kabla ya swali la lini.

Na la lini lina msaidizi mzuri, habu ya nyuma. Kama baiskeli bado ina giya tatu za Sturmey-Archer, futa ganda la habu na utazame: kwa muda mrefu kampuni hiyo iligonga mwaka wa kutengenezwa kwenye ganda lenyewe. Tarakimu 52 zinamaanisha 1952. Lakini magurudumu huhama. Gurudumu la baiskeli iliyogongwa huenda kwenye baiskeli nzima, na baiskeli zetu za mizigo zimebadilishiwa viungo hivyo mara nyingi. Habu inakwambia umri wake, si wa fremu.

Onyo hilo hilo linahusu gurudumu la meno la mbele, ingawa ndilo pambo zuri kuliko yote. Raleigh walitoboa chuma kikabaki na vichwa vitatu vya korongo, ndege wa ngao ya ukoo wa Bowden. Rudge waliweka kiganja cha mkono. Humber waliweka sanamu za watu watano. BSA waliandika herufi zao tatu. Ukikuta korongo kwenye fremu ya meno 24, usifurahi upesi. Mtu alipachika.

Ziangalie pia maungio ya fremu, vile vifuko vya chuma vinavyopokea ncha za mabomba, na kichwa cha uma wa mbele. Uma wa Humber ulijulikana kwa miguu yake ya mabomba mawili mawili, jambo ambalo rangi haiwezi kulificha. Kwenye shingo, hata nembo ikiwa haipo, matundu ya ribiti yamebaki: pima umbali kati yao na utazame kama yamepangwa juu na chini au kulia na kushoto, kisha linganisha na nembo zinazojulikana.

Wanaotafuta waundaji wa fremu za mbio za Ulaya hufuata njia hiyo hiyo kwa vipimo vingine. Tundu la nguzo ya kiti lenye milimita 27.2 huashiria mabomba mepesi yenye kuta nyembamba katikati, kama yale ya Reynolds 531 yaliyotoka mwaka 1935. Baiskeli ya kawaida ya Raleigh huwa na milimita 25.4. Bomba la chini la Mwitaliano lina upana wa milimita 70, la Mwingereza 68. Huko kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu karakana ndogo ziliunda fremu nyingi zilizouzwa kwa majina ya maduka.

Msimamo wangu ni kwamba dalili moja haitoshi kumtaja mtengenezaji. Zikikubaliana tatu, kwa mfano thredi, mahali pa namba na matundu ya nembo, litaje jina. Zikipingana, sema ni fremu ya Kiingereza isiyojulikana, au ya muundo wa Kiingereza, na uishie hapo. Jina la kubandika huongeza bei siku ya kuuza, lakini huharibu kumbukumbu ya chombo kilichosomesha watoto na kubeba wagonjwa.

Fremu hizi zinaisha. Wanunuzi wa chuma chakavu wanazipima kwa kilo, na wapaka rangi wanapiga msasa juu ya namba bila kuuliza. Kama unayo moja nyumbani, wiki hii ipindue, isugue kwa mafuta ya taa, piga picha ya namba, ya shingo na ya maungio, kisha umuulize mzee aliyebaki iliponunuliwa na mwaka gani. Andika anachokwambia. Fanya hivyo kabla hujaamua kuiuza au kuipaka rangi.